Mashine Iliyosema Simu Imepigwa

Jumamosi iliyopita mlinijia kijijini kwangu Buger, vijana sita na kompyuta mbili, vumbi limewapanda hadi kwenye nyusi. Niliwapa makande, mkala, kisha mkaniomba niwafundishe kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C. Tulikwenda vizuri mpaka Rehema aliponiuliza, "Bibi, baada ya mstari wa exec tuandike nini? Somo la mtandaoni linasema ukishaita exec, hairudi tena."

Nilinyamaza, nikaona mnatazamana. Mlidhani bibi amesahau. Sikusahau, vijana wangu. Nilikuwa napima kama niwape jibu fupi au jibu lenyewe. Jibu fupi niliwaandikia kwenye karatasi mkaondoka nalo. Jibu lenyewe linahitaji nafasi, ndiyo maana nawaandikia.

Nianze na kitu chenyewe, kwa ajili ya yule kati yenu aliyekuwa anasinzia. Programu ikitaka kuanzisha programu nyingine, hufanya mambo mawili. Kwanza huita fork, ikajigawa: sasa wako wawili, mzazi na mtoto, wanafanana kila kitu, wamesimama kwenye mstari uleule, vichwani wana maneno yaleyale. Pili, mtoto huita exec, yaani anavua mwili wake na kuvaa mwili wa programu ile nyingine. Akifanikiwa, mistari inayofuata haimhusu tena, maana ameshakuwa mtu mwingine. Hapo somo lenu la mtandaoni linasema kweli.

Lakini kuna siku programu ile nyingine haipo. Imehamishwa, imefutwa, au jina limekosewa herufi moja. Siku hiyo exec hurudi. Mtoto anabaki amesimama palepale, bado ana mwili wa mzazi, na anaendelea kusoma mistari iliyo mbele yake, mistari ambayo wewe uliandika ukimfikiria mzazi peke yake.

Aliyenifundisha haya ni Mwalimu Elibariki, Mchaga mmoja mpole aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja Arusha. Nilifika kwake binti mdogo kutoka milimani, sijui hata kufunga dirisha la kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya kuanzisha programu nyingine, na ikagoma. Nilikuwa nimeandika kwamba ikishindwa, kwanza itoe neno la adabu, "Samahani, subiri kidogo," halafu ndipo itaje sababu. Ilitoa samahani yake vizuri. Kisha ikanijibu kwa Kiingereza kwamba kitu hiki si taipureta.

Nilizunguka ofisi nzima nikitafuta taipureta. Nilichungulia mpaka nyuma ya kabati. Mwalimu aliponiuliza natafuta nini, nikamwambia, alicheka mpaka akavua miwani akaifuta.

"Magdalena, binti yangu," alisema, "sababu ya kosa inakaa mahali pamoja tu, panaitwa errno. Ni kama kibao cha chaki. Kazi ya kwanza utakayofanya baada ya kosa inaweza kuandika juu yake. Wewe ulianza na samahani, na ile samahani yenyewe, ilipokuwa ikitafuta pa kuandikwa, ikachafua kibao. Ukishindwa, chukua sababu kwanza. Iweke mfukoni. Adabu baadaye."

Hilo nililishika, na mpaka leo sijalikosea. Niliyokosea ni mengine.

Miaka mingi baadaye nilirudi Karatu nikawa najitegemea. Hoteli moja ya watalii nje ya mji iliniomba programu ya kuchapa orodha ya lanchi boksi, vile vifurushi vya chakula ambavyo wageni hubeba wakishuka kreta kuona wanyama. Programu yangu iliandika majina, kisha ikamzaa mtoto wa kwenda kuanzisha programu ya kengele jikoni. Programu ya kengele ilikuwa haijawekwa. Exec ikashindwa, na mtoto, kwa utii wote, akaita exit akajifia. Mimi nikaona nimefanya vizuri.

Asubuhi Mama Tarimo, mpishi mkuu, alinipigia. "Magdalena, hawa wageni wako wamekuja na mapacha wao? Karatasi inasema ishirini na nne, mimi nahesabu vichwa kumi na viwili!"

Majina yote yalikuwa yamechapwa mara mbili. Programu haiandiki neno moja moja kwenye karatasi. Huyakusanya maneno kwanza mahali panaitwa bafa, kama mtu aliyejaza maneno mdomoni. Mtoto alipozaliwa, alizaliwa na mdomo uleule uliojaa. Alipoita exit, exit ikamwambia mwaga yote kabla hujaondoka, akamwaga. Mzazi naye akamwaga yake. Siku hiyo vifurushi vilivyozidi walipewa madereva wa Karatu, wakala kuku wawili wawili, na Mama Tarimo hakunisalimia wiki nzima. Ndipo nikajifunza kwamba mtoto aliyeshindwa exec haondoki kwa exit. Anaondoka kwa _exit, ile yenye kistari mbele, inayofunga mlango bila kumwaga chochote.

Mngedhani baada ya hapo nimekomaa. Nami nilidhani hivyo.

Kulikuwa na shirika dogo la wafugaji lenye ofisi katika mji mdogo wa Wasso, mbali kaskazini. Jina lake nalihifadhi, maana kosa halikuwa lao. Walikuwa na friji moja ya chanjo, inatumia umeme wa jua, na daktari mmoja wa mifugo, Daktari Paskali. Alikuwa Mwiraqw kama mimi, mtu wa makamo, anatembea haraka na kuongea polepole. Ndani ya friji ile mlikuwa na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Chanjo hiyo ni kitu hai. Ikipata joto inakufa, lakini kwa macho haibadiliki. Ukiichoma ni sawa na kumchoma ng'ombe maji.

Daktari aliniomba programu ya kulinda joto. Niliiandika kwa C, ikawekwa kwenye kompyuta ndogo juu ya friji. Kila baada ya dakika tano iliamka, ikapima joto, ikalala. Joto likipanda, ilizaa mtoto wa kuanzisha programu nyingine ya kupiga simu, na simu ilimwita mlinzi wa ofisi. Mlinzi alikuwa ameelekezwa ahamishie chanjo kwenye makasha yenye barafu. Ili isimsumbue mtu kila dakika tano, programu ilipiga mara moja tu, ikajiwekea alama kwamba imeshapiga, ikaandika kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu zake, "Joto limepanda. Simu imepigwa."

Baada ya mstari wa exec sikuandika kitu cha kumwambia mtoto afanye nini akishindwa. Yule yule niliyelishwa aibu na kuku wa Mama Tarimo, sikuandika kitu. Nilijaribu siku ile mbele ya Daktari, simu ya mlinzi ikalia, tukapeana mikono. Nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la Karatu, na mnajua basi lile ukilikosa umelikosa mpaka kesho. Nikajiambia nitarudia mistari ile nikifika nyumbani. Sikurudia.

Kompyuta ile iliendelea kufanya kazi vizuri mpaka fundi mmoja alipoiwekea mfumo mpya, na katika kuweka, programu ya kupiga simu ikahamia folda nyingine. Hakuna aliyekosea hapo, mambo huhama. Kisha Jumamosi moja betri za umeme wa jua zikaisha, friji ikazimika saa nyingi, ila kompyuta ilikuwa na betri yake. Programu yangu ikaona joto. Ikazaa mtoto. Mtoto akaita exec, exec ikarudi mikono mitupu, na mtoto akaendelea na mstari uliofuata kama alivyoukuta. Mstari ule ulisema: andika kwamba simu imepigwa.

Akaandika. Mzazi naye akaandika. Simu ya mlinzi ilikuwa mfukoni mwake, kimya.

Jumatatu asubuhi friji ilikuwa imesharudi kwenye baridi yake. Daktari Paskali alisoma kwenye kioo, akaona joto lilipanda, simu ikapigwa, joto likashuka. Akaamini mlinzi ameokoa chanjo, kama alivyowahi kuiokoa mara moja huko nyuma. Hakumtafuta kumuuliza. Kwa nini amuulize, wakati mashine ilishasema? Akapakia chanjo kwenye gari akaondoka kwenda kijiji cha Piyaya kuchanja ng'ombe.

Wiki tatu baadaye nilikuwa Karatu naandika ripoti yangu ya kawaida, naipitia ile logi niliyotumiwa kutoka Wasso, kwa uvivu, kikombe mkononi. Nikaona mstari wa Jumamosi ile. Chini yake nikauona tena, uleule, saa ileile, dakika ileile.

Mtu mwingine angesema ni kurudia tu. Mimi nilimsikia Mama Tarimo akiniuliza kuhusu mapacha.

Niliunda hali ileile kwenye kompyuta yangu, nikaificha programu ya simu, nikapandisha joto la uongo. Mistari miwili ikatokea: simu imepigwa, simu imepigwa. Na simu yangu mezani haikutikisika. Nilikaa nikiitazama.

Nikampigia Mwalimu Elibariki. Alikuwa ameshastaafu, sauti imekuwa nyembamba. Nikamweleza yote.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna. Mimi tu."

"Daktari umemwambia?"

"Bado, Mwalimu. Nataka kwanza nirekebishe programu, kisha nimpigie nikiwa na kitu mkononi."

"Usiguse programu," akasema. "Ukianza kurekebisha, utajipa kazi ya siku mbili, na baada ya siku mbili utakuwa na maneno mazuri na sababu imeshachafuka. Mpigie sasa hivi. Mwambie kilichotokea, kwa nini, na lini. Basi."

Nilitaka anifariji. Hakunifariji. Alisubiri mpaka nikasema "sawa, Mwalimu," ndipo akaongeza, "Na ukishampigia, nipigie na mimi tena. Sitatoka hapa nilipo."

Daktari Paskali alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza polepole, "Dada Magdalena, una uhakika?" Nikasema ninao. Akasema, "Ngoja nimuulize mlinzi." Nikasikia akitoka, akirudi. "Hakupigiwa," akasema. Akarudia, kama anajiambia mwenyewe, "Hakupigiwa."

"Nakuja huko," nikamwambia.

"Huna haja ya kuja. Wafugaji nitawaeleza mimi."

"Aliyechanja ng'ombe ni wewe, lakini aliyewadanganya watu ni mimi. Nakuja."

Kesho yake nilipanda basi la Wasso, na keshokutwa asubuhi tulikuwa kwenye gari kuelekea Piyaya. Daktari aliendesha. Tuliongea kidogo sana. Boma la kwanza lilikuwa la mjane mmoja, Nashipai, mwanamke wa umri wangu, mwenye ng'ombe kumi na tisa anaowajua mmoja mmoja kwa jina. Ugonjwa ulikuwa umeshasikika upande wa mpakani, na yeye alikuwa anajiandaa kuhamisha kundi baada ya siku mbili kwenda kuchunga pamoja na makundi ya huko. Aliridhika, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa wamechanjwa.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia mama yule kwa lugha yake.

"Iko," akaitika, akatuletea vigoda.

Daktari alifungua mdomo, nikamshika mkono. Nikasema mwenyewe. Nilimwambia chanjo ile ilikuwa imekufa kabla ya kufika kwake. Nilimwambia kuna mashine niliyoitengeneza mimi, ya kupiga simu friji ikipata joto, na haikupiga, ila iliandika kwamba imepiga. Nilimwambia ng'ombe wake hawana kinga yoyote.

Nashipai alitazama zizi. "Wote?"

"Wote."

"Mashine ilidanganya?"

"Mimi niliiachia nafasi ya kudanganya. Nilijua inavyotakiwa kuandikwa. Sikuandika."

Kisha akasema, "Narok nimeshampeleka." Narok alikuwa mtamba wake mweusi, aliyempeleka kwa dada yake huko mpakani wiki iliyotangulia. "Nilimwambia dada yangu, huyu hana shida, amechanjwa."

Daktari akamweleza kwamba mifugo ya upande ule sasa imezuiwa kuhama, kwa hiyo Narok hawezi kurudi. Nashipai akatikisa kichwa taratibu.

"Nani alikuambia uje?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Ulijuaje kosa lako?"

"Niliona mstari mmoja umeandikwa mara mbili."

Akanitazama kwa muda, kama anayetaka kuuona huo mstari usoni mwangu. Halafu akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa. Alimimina vikombe viwili. Hakutabasamu, wala hakunitazama aliponipa. Lakini alinipa, nami niliyanywa nikilia, na Daktari Paskali akajifanya anakagua tairi.

Hakuhamisha kundi. Tulizunguka boma baada ya boma siku tatu, nikisema maneno yaleyale. Wengine walinifokea, na walikuwa na haki. Mzee mmoja alituambia tuondoke, kisha akatuma mtu atuite turudi. Chanjo mpya ilifika baada ya wiki moja, nami nikarudi tena, nikashika kamba wakati Daktari akichoma. Ng'ombe mmoja wa Nashipai alinikanyaga kidole cha mguu, ukucha ukatoka. Nashipai akasema, "Huyo amekusamehe." Hapo ndipo alipotabasamu mara ya kwanza.

Wale kumi na tisa walisalimika wote. Narok alianza kukohoa huko mpakani, na baada ya mwezi na nusu akafa. Nashipai mwenyewe ndiye aliyenipigia kuniambia. Sijui kama mtaelewa uzito wa kupokea simu kama ile.

Sasa, Rehema, swali lako. Niliporudi nyumbani niliiandika upya, na hivi ndivyo nilivyoiandika.

Kabla ya kuzaa mtoto, tengeneza bomba, ile pipe mnayoijua ya kupitishia ujumbe, na liwekee alama ya kujifunga lenyewe exec ikifanikiwa. Zaa mtoto. Upande wa mtoto, mstari unaofuata exec unaokota errno papo hapo, kabla ya neno lolote. Unaituma namba hiyo kwa mzazi kupitia bomba, kwa write tupu inayoandika papo hapo, si printf inayokusanya kwenye bafa, maana mtoto hatakiwi kugusa bafa za mzazi. Kisha _exit, na namba mia moja ishirini na saba, ambayo wenye fani huielewa kwamba programu haikupatikana. Asifanye lingine lolote. Asijaribu kusaidia, asisafishe, asiandike kwenye logi. Aseme sababu, aondoke.

Mzazi naye asiandike chochote mpaka asome bomba. Likifungwa kimya, mtoto ameshavaa mwili mpya. Ikija namba, imeshindikana, na sababu unayo mkononi. Na hata likifungwa kimya, bado usiandike "simu imepigwa". Programu kuanza si simu kulia. Msubiri mtoto amalize, usome amemaliza vipi, ndipo uandike kile ulichokishuhudia. Na ile alama ya kwamba umeshapiga, usiiweke mpaka hapo.

Jambo la mwisho hamtalikuta kwenye mafunzo. Ujumbe wa kosa uandikeni kwa Kiswahili cha mtu atakayeusoma. Daktari Paskali ana sindano mkono mmoja na ndama mkono wa pili; namba ya errno haimsaidii. Namba iwekeni kwenye logi kwa ajili yenu, kwenye kioo mwekeeni maneno.

Programu mpya niliipeleka Wasso mwenyewe. Safari hii sikukimbilia basi. Nilimwambia Daktari, "Leo hatujaribu kama inafanya kazi. Leo tunaiharibu." Nikaihamisha programu ya simu kwa makusudi, tukafungua mlango wa friji tupu, tukakaa kwenye viti vya plastiki kusubiri dakika zake tano. Joto likapanda. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja. Mmoja tu. Daktari akausoma kwa sauti, polepole kama kawaida yake:

"Joto limepanda. Simu HAIKUPIGWA. Programu ya simu haipo mahali pake. Mpigie mlinzi wewe mwenyewe, sasa."

Tuliusoma mara tatu. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile.

Daktari akatoa simu yake, lakini hakumpigia mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni pamoja nasi anacheka. Alimpigia Nashipai. Akaweka sauti ya juu ili nisikie.

"Yeyo, niko na Magdalena hapa Wasso. Ile mashine tumeiharibu makusudi, na imesema yenyewe kwamba imeshindwa."

Upepo wa Piyaya ukasikika ndani ya simu, na mbali kidogo ng'ombe akalia.

"Imesema?" Nashipai akauliza.

"Imesema, na sababu imetaja."

"Haya," akasema. Kisha akauliza, "Na huyo Magdalena, ametoka mbali. Amekula?"